Kuifuatilia volkano hai ukiwa Mtwara: mwongozo kamili wa chanzo, madhara na upimaji

Ukisimama ufukweni Msimbati na kutazama kusini-mashariki, huoni kitu isipokuwa bahari. Hata hivyo, upande huohuo, takribani kilomita 390 kutoka Mtwara mjini, kuna mlima Karthala wa kisiwa cha Ngazidja nchini Komoro, wenye urefu wa mita 2,361, ambao ni miongoni mwa volkano zilizo hai zaidi katika Bahari ya Hindi. Wanafunzi wa sekondari wa mikoa ya kusini wakiulizwa volkano hai iliyo karibu nao, wengi hutaja Ol Doinyo Lengai, kwa kuwa imo katika vitabu vya Jiografia na imo ndani ya mipaka ya nchi. Kwa mstari ulionyooka, Lengai iko zaidi ya kilomita 900 kutoka Mtwara. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwalimu, mwanafunzi, nahodha wa jahazi au mtu yeyote wa Lindi na Mtwara anayetaka kuifuatilia volkano hai kwa utaratibu, akitumia simu, daftari na subira, na Karthala ndiyo itakayokuwa mfano wetu mkuu.

Hatua ya kwanza: tenganisha volkano na visivyo volkano

Kabla ya kufuatilia chochote, ondoa kwanza hofu isiyo na msingi. Mara kadhaa nimeulizwa darasani kama mwali wa moto kwenye mitambo ya gesi ni dalili kwamba chini ya Mtwara kuna volkano. Jibu ni hapana. Miamba ya ukanda wetu wa pwani ni miamba ya mashapo, yaani mchanga, tope na chokaa vilivyotuama tabaka juu ya tabaka kwa mamilioni ya miaka, na ndiyo maana Tendaguru, mkoani Lindi, ilihifadhi mifupa ya dinosaria iliyofukuliwa kati ya 1909 na 1913. Gesi ya Mnazi Bay na Songo Songo ilitokana na mabaki ya viumbe yaliyozikwa katika mashapo na kupikwa polepole na joto na mgandamizo wa kina. Gesi ya volkano ni nyingine kabisa: sehemu kubwa yake ni mvuke wa maji, ikifuatiwa na kaboni dioksidi na gesi za salfa, nayo hutoka kwenye magma, yaani mwamba ulioyeyuka ungali chini ya ardhi.

Hatua ya pili: fahamu kinachousukuma mlima

Watu wengi hudhani kwamba chini ya ganda la dunia kuna bahari ya moto inayosubiri tundu. Sivyo. Sehemu iliyo chini ya ganda ni mwamba mgumu wenye joto kali sana, ambao hauyeyuki kwa sababu uzito wa miamba ya juu unaubana. Huyeyuka pale mgandamizo unapopungua kwa sababu mwamba huo unapanda au ganda la juu linavutwa na kuwa jembamba. Au pale maji yanapoingia ndani yake, kama inavyotokea bamba moja la dunia (yaani kipande kimoja kikubwa cha ganda lake) linapozama chini ya jingine. Katika Afrika Mashariki, njia ya kwanza ndiyo inayotawala. Bamba la Somalia, ambalo sisi wa pwani tumo juu yake, linaachana na bamba la Nubia kwa milimita chache kila mwaka, na kando ya Bonde la Ufa ndipo tunapoikuta Lengai, Meru iliyolipuka mara ya mwisho mwaka 1910, na milima ya Rungwe mkoani Mbeya, ambako volkano ya Kyejo ilitoa lava, yaani magma iliyokwisha kutoka nje, yapata mwaka 1800. Kuhusu Komoro, wanasayansi wana maelezo mawili yanayoshindana: wapo wanaosema kuna nguzo ya mwamba wa moto inayopanda kutoka kina kirefu, na wapo wanaosema ganda la zamani la bahari limepasuka kwa sababu mvutano wa Bonde la Ufa umefika hadi huko baharini. Matokeo ya vipimo vya miaka ya karibuni yamewapa nguvu hao wa pili, lakini ubishi haujafungwa.

Magma ikishapatikana, hupanda kwa kuwa ni nyepesi kuliko mwamba unaoizunguka, kisha hukusanyika katika vyumba vilivyo kilomita chache chini ya mlima. Kinachoamua kama italipuka au itatiririka ni gesi iliyomo na mnato wake, yaani jinsi inavyonata. Mwenyeji wa kusini hahitaji maabara kulielewa jambo hili. Chukua uraka wa mabibo, ujaze kwenye chupa, ufunge kizibo na uuache juani: ungali umefungwa huoni kitu, lakini ukifungua ghafla mgandamizo huondoka, gesi iliyokuwa imeyeyuka ndani hugeuka mapovu, na povu hutoka pamoja na kinywaji chenyewe. Magma hufanya hivyohivyo inapokaribia juu. Ikiwa nyepesi, yaani yenye mnato mdogo, kama basalti ya Karthala yenye joto la nyuzi 1,100 hivi, mapovu hutoka kwa urahisi na lava hutiririka. Ikiwa nzito, yaani yenye mnato mkubwa, mapovu hunaswa, na mlima hujitwanga wenyewe kuwa jivu.

Ipo njia ya tatu, na kwa Karthala ndiyo ya kuogopwa zaidi. Juu ya mlima huo kuna bonde kubwa la duara lenye upana wa kilomita 3 kwa 4, na ndani yake kuna kreta, yaani shimo la volkano, iitwayo Chahalé ambamo maji hukusanyika na kuwa ziwa. Magma nyepesi ikikutana na maji hayo, maji hugeuka mvuke kwa ghafla, na mlima ambao kwa kawaida ungemwaga lava kwa utulivu hurusha mawe na jivu. Kwa hiyo ukisoma mahali kwamba Karthala ni volkano ya umbo la ngao na kwamba volkano za aina hiyo ni pole, soma kwa tahadhari.

Hatua ya tatu: andika historia ya mlima wako

Chukua daftari, na ukurasa wa kwanza uandike matukio ya mlima uliouchagua. Kwa Karthala utaanza na mwaka 1977, ufa ulipofunguka kwenye ubavu wa kusini-magharibi, mbali na kileleni, na lava ikakiteketeza kijiji cha Singani. Mwaka 1991 kulikuwa na mlipuko wa mvuke kileleni. Aprili 2005 maji na magma vilikutana, jivu likanyesha na maelfu ya watu wakahama vijiji vyao. Novemba 2005 jivu lilirudi kwa wingi, likafunika sehemu kubwa ya kisiwa hadi mji mkuu Moroni. Mei 2006 likatokea ziwa la lava ndani ya kreta, na Januari 2007 kukawa na mlipuko mwingine mdogo.

Orodha hii fupi tayari inakufundisha mambo ambayo hakuna kanuni ya jumla ingekupa: kwamba mlima huu waweza kupasukia ubavuni kama unavyopasukia kileleni, na kwamba waweza kulipuka mara kadhaa ndani ya miaka miwili kisha ukanyamaza kwa muda mrefu. Fanya hivyohivyo kwa mlima mwingine na utaona tabia tofauti kabisa. Lengai hutoa lava ya kaboneti ya sodiamu, ya pekee duniani miongoni mwa volkano hai, yenye joto la nyuzi 500 hadi 600 tu, ambayo hutoka ikiwa nyeusi na kuwa nyeupe inapokutana na unyevu. Lakini mlima huohuo ulibadilika mwaka 2007 ukaanza kulipuka kwa majivu, majuma machache baada ya mfululizo wa matetemeko ya Julai ambayo kubwa lake lilifikia kipimo cha 5.9. Nyiragongo, juu ya mji wa Goma mashariki mwa Kongo, ulimwaga lava mwaka 1977, 2002 na tarehe 22 Mei 2021, na safari hii ya mwisho vyombo havikuonyesha onyo la wazi kabla ya ubavu kupasuka. Kisa hicho cha 2021 kiandike kwa wino mzito, kwani ndicho kitakachokuzuia kuahidi usichoweza kutimiza.

Hatua ya nne: pima madhara kwa umbali

Kosa la kawaida katika mijadala ya volkano ni kuyachanganya madhara yote pamoja, kana kwamba mtu wa Singani na mtu wa Mikindani wanakabiliwa na hatari moja. Yagawe kwa umbali.

Ndani ya kilomita chache, hatari ni mawe yanayorushwa, lava na gesi. Lava huteketeza nyumba na mashamba, ila mara nyingi mtu mwenye miguu mizima hupata muda wa kuondoka. Nyiragongo ya 1977, ambayo lava yake ilikuwa nyepesi mno na ilishuka mteremko mkali kwa kasi ya gari, ni ya kando na kanuni hiyo. Gesi ni adui asiyeonekana. Kaboni dioksidi ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama mabondeni na kuua mifugo na watu bila harufu wala rangi. Watu wa Goma huyaita mabonde hayo mazuku, na neno hilo la Kiswahili sasa linatumiwa na wataalamu wa volkano duniani kote, jambo ambalo sisi wenye lugha hatulisemi vya kutosha. Salfa dioksidi, kwa upande wake, hujitangaza. Aliyewahi kusimama karibu na salfa inayoungua, macho yakamwasha na kifua kikambana, ameshaijua. Wapuliziaji wa salfa kwenye mikorosho wanaufahamu mwasho wa unga wenyewe, ingawa unga na gesi si kitu kimoja.

Katika makumi ya kilomita, jivu ndilo linalotawala. Jivu la volkano si jivu la kuni: ni vipande vidogo vya mwamba na kioo, vyenye ncha kali, visivyoyeyuka majini. Jivu kavu la unene wa sentimita 10 lina uzito wa kilo 40 hadi 70 kwa kila mita ya mraba ya paa, na likilowa mvua hufikia kilo 100 au zaidi, uzito ambao paa nyingi za mabati na makuti hazikujengwa kuuhimili. Ila pigo kubwa la Novemba 2005 lilikuwa kwenye maji. Ngazidja haina mito ya kudumu, kwa kuwa mwamba wake hunywa mvua yote, hivyo wakazi wengi hutegemea matangi ya maji ya mvua. Jivu lilipoingia matangini, watu wengi walikosa maji ya kunywa bila hata jiwe moja kuangukia nyumba zao. Mkazi wa Newala au Tandahimba, anayejua thamani ya tangi la maji ya mvua juu ya uwanda wa Makonde, ataelewa tukio hilo upesi kuliko mtu wa mjini mwenye bomba.

Katika mamia ya kilomita, ambako ndiko tuliko sisi, yanabaki mambo matatu: jivu jembamba likichukuliwa na upepo, usumbufu wa safari za ndege, kwa sababu jivu huyeyuka ndani ya injini na kuganda humo, na mawimbi ya bahari endapo sehemu ya mlima itaporomokea majini. Hili la tatu ni la nadra, lakini si la kubuni: tarehe 22 Desemba 2018 ubavu wa Anak Krakatau nchini Indonesia uliporomoka baharini na mawimbi yakaua zaidi ya watu 400.

Faida nazo ziandikwe. Udongo wa volkano ukishachakaa hulisha ndizi na viazi vya Rungwe, na joto la chini ya ardhi huweza kuzalisha umeme, ndiyo sababu eneo la ziwa Ngozi linachunguzwa kwa ajili ya jotoardhi.

Hatua ya tano: jua vipimo vitano

Cha kwanza ni matetemeko. Magma ikijipenyeza huvunja mwamba, na kila mvunjiko ni tetemeko dogo, mara nyingi dogo mno kwa binadamu kulihisi. Tafuta wingi wake, mahali yanapotokea na kina chake, maana matetemeko yanayopanda juu siku hadi siku yana maana kubwa kuliko moja zito lililotokea peke yake. Cha pili ni umbo la mlima: chumba cha magma kikijaa mlima huvimba, kikimwaga husinyaa, na mabadiliko ya sentimita chache hunaswa na vipokezi vya GPS na rada za setilaiti. Cha tatu ni gesi, hasa salfa dioksidi, ambayo kuongezeka kwake huashiria magma mpya iliyokaribia juu. Cha nne ni joto la kreta, na cha tano ni maji: rangi na joto la ziwa la kreta na chemchemi.

Kisa kinachoonyesha vyombo hivi vikifanya kazi pamoja kilitokea jirani yetu. Mei 2018 kisiwa cha Mayotte kilianza kutikisika mfululizo, na kubwa la matetemeko hayo lilikaribia kipimo cha 6. Vipokezi vya GPS vikaonyesha kisiwa kinasogea mashariki na kudidimia kwa sentimita kadhaa, na Novemba 11 mwaka huo mtetemo wa ajabu, wa taratibu na wa muda mrefu, ukanaswa na vituo vya pembe nyingi za dunia. Hapakuwa na moshi wala moto popote. Mei 2019 meli ya utafiti iliikuta volkano mpya chini ya bahari, kilomita 50 hivi mashariki mwa Mayotte, yenye urefu wa takribani mita 800 kutoka sakafu ya bahari iliyo mita 3,500 chini. Leo inaitwa Fani Maoré. Mtu aliyekuwa akisubiri kuona moshi asingeijua hadi leo.

Hatua ya sita: anza kufuatilia kwa simu yako

Chagua siku moja ya juma na usiibadilishe. Mimi hutumia Ijumaa jioni. Fungua kwanza ripoti ya kila juma ya volkano inayotolewa na taasisi ya Smithsonian ya Marekani, uone kama mlima wako umetajwa. Kisha fungua ramani ya matetemeko ya USGS, shirika la jiolojia la Marekani, na uchore kisanduku kati ya latitudo 10 na 14 kusini na longitudo 42 na 47 mashariki, ambacho kinazimeza Komoro zote pamoja na Fani Maoré. Andika idadi, ukubwa na kina. Usishtuke ukikuta kisanduku ni kitupu kwa majuma mengi, kwa kuwa ramani hiyo huonyesha matetemeko makubwa kiasi tu. Madogo husomwa na kituo cha kuchunguza Karthala kilichopo Moroni, na yale ya Mayotte husomwa na mtandao wa Ufaransa uitwao REVOSIMA, ambao hutoa taarifa kwa umma.

Baada ya hapo tazama picha za setilaiti ya Sentinel-2, zinazopatikana bure kila baada ya siku 5 hivi. Chagua mwonekano wa mawimbi ya infraredi, ambao huonyesha lava ya moto kwa rangi ya chungwa hata moshi ukiwepo. Mawingu yatakuudhi: kilele cha Karthala hujifunika mara nyingi, na picha moja safi kwa mwezi si jambo baya. Kwa joto, ipo ramani ya NASA iitwayo FIRMS, ambayo huweka vitone vyekundu palipo na moto. Hapa nitakiri kosa langu. Mara ya kwanza nilipoifungua, niliona vitone vimejaa Liwale na Nachingwea nikasisimka bure, kumbe ni watu wanasafisha mashamba kabla ya mvua. Kitone kimoja hakisemi chochote mpaka ujue kawaida ya mahali kilipo.

Hilo ndilo kiini cha kazi yote. Jaza daftari kwa miezi 3 angalau kabla ya kujaribu kutoa maoni yoyote, ili ujue mlima wako ukiwa umetulia unaonekanaje. Ongezeko hupimwa dhidi ya utulivu huo, si dhidi ya sifuri. Anayetaka kulinganisha na mlima wa nyumbani anaweza kufuatilia takwimu za GPS za Lengai kupitia mradi wa TZVOLCANO, unaokishirikisha Chuo Kikuu Ardhi, na taarifa za Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania iliyopo Dodoma.

Kwa ndege, tazama rangi ya tahadhari: kijani ni kawaida, njano ni mlima ulioanza kutotulia, chungwa ni msukosuko mkubwa au mlipuko wenye jivu kidogo, na nyekundu ni mlipuko wa jivu jingi unaoendelea au unaokaribia. Tahadhari za jivu kwa anga la Afrika hutolewa na kituo cha Toulouse nchini Ufaransa.

Hatua ya saba: soma upepo

Wavuvi wetu wanalijua somo hili kuliko vitabu. Kaskazi, inayovuma kutoka Desemba hadi Machi, hulipeleka jivu la Ngazidja mbali nasi, upande wa kusini-magharibi. Kusi, inayotawala kati ya Mei na Septemba, hutoka kusini-mashariki, yaani upande uleule wa Karthala, hasa inapoegemea mashariki. Kwa upepo wa kilomita 30 kwa saa, jivu la chini lingehitaji saa 13 kufika pwani ya Mtwara, na njiani sehemu kubwa ingeshaanguka baharini. Lakini jivu lililorushwa juu sana hukutana na upepo mwingine, ambao si lazima ufuate kusi wala kaskazi, hivyo uliza upepo wa tabaka zote mbili. Angalia pia kwamba msimu wa kusi ndio msimu wa maua ya korosho. Mkulima atakayeona vumbi la kijivu juu ya maua asikimbilie dawa ya ubwiriunga kabla ya kulipangusa kwa kidole na kujua ni kitu gani.

Hatua ya nane: tayarisha nyumba na ufuo

Jivu likitangazwa, kazi ya kwanza ni kuuchomoa mfereji wa paa unaoingia tangini na kulifunika tangi, kabla ya kitu kingine chochote. Fagia paa likiwa bado kavu, ukivaa barakoa au kitambaa kilicholowa, miwani ikiwepo. Usimwage maji juu ya jivu, kwani litaongezeka uzito na kuganda kwenye mifereji kama saruji. Mvua ya kwanza baada ya hapo iache ioshe paa na imwagike, ndipo uurudishe mfereji.

Kuhusu bahari, muda ni mfupi. Wimbi la tsunami kwenye maji yenye kina cha mita 3,000 huenda kwa kasi ya takribani kilomita 600 kwa saa, hivyo kutoka Ngazidja hadi kwetu haizidi sana saa moja. Taarifa rasmi hutolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, lakini wanaookota kome na kuwinda pweza wana kipimo chao: maji yakipwa ghafla wakati usio wa kupwa, au yakikauka kupita bamvua yoyote waliyowahi kuiona, waache ndoo na mikuki papo hapo na wapande juu, watu wa Lindi kwenye vilima vilivyo nyuma ya mji, watu wa Mikindani kwenye miinuko inayouzunguka mji wao, na wa Shangani, Mtwara mjini, waelekee bara mbali na ufuo. Mawimbi hayo huja kwa mfululizo kwa saa kadhaa, na la kwanza mara nyingi silo kubwa, kwa hiyo mtu asishuke kwenda kuangalia mtumbwi wake hadi tangazo la kuondoa hatari litolewe.